Mikono ya Keziah Plumley

Mimi nilikuwa miguu. Nasema mapema ili mtu asidhani najikweza. Kwa miaka kumi na minne nilizunguka vyumba vya wachoraji wa Chelsea na Kensington, navua viatu na soksi, naweka nyayo zangu juu ya zulia chakavu, nachorwa. Ukikutana na malaika au mtakatifu aliyechorwa London miaka hiyo, teremsha macho mpaka chini kabisa, pengine utaniona. Jina langu ni Dorcas Tibble, lakini wachoraji hawakulihitaji. Waliandikiana vikaratasi: "Nitumie ile miguu Alhamisi."

Keziah Plumley alikuwa mikono. Na si mikono ya malaika, maana malaika hawana shida, wanachorwa mikono yao imefichwa ndani ya mbawa. Yeye alikuwa mikono ya mabibi wakubwa. Mke wa lodi akitaka picha yake haji kukaa kitini wiki sita kama sisi. Anakuja mara mbili, anaachia uso wake, anakwenda zake kula kwa watu. Gauni linabaki. Ndani ya gauni anaingizwa mtu kama Keziah, na mchoraji anamalizia shingo, mabega na mikono kwa raha zake. Kuna nyumba moja ya Belgravia ambako dada watatu wametundikwa ukutani wamefuatana, na mikono yote sita ni ya Keziah. Wageni husimama pale na vikombe vyao wakisema, "Damu ya ukoo haijifichi. Tazama vidole!" Damu ya ukoo! Ukoo wenyewe ulikuwa ukiuza utumbo wa ng'ombe Lambeth.

Mama yake, Mama Plumley, alikuwa na duka la utumbo karibu na mto, na mikono ya binti ilikuwa kazi yake. Tangu Keziah anatambaa, kila jioni mama alichota mafuta yaliyoganda juu ya sufuria ya utumbo akampaka, akamvuta kidole kimoja kimoja kikae sawa. Vilinyooka vyote isipokuwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kilichopinda kwa ndani kidogo na kukataa katakata kunyooka. Hakumruhusu kugusa maji ya chokaa ya kusafishia utumbo wala kisu. Alikuwa na matumaini kwamba mikono ile itampeleka kwenye duka la kofia, akauze kofia, aolewe na mwenye duka. Badala yake ikampeleka kwa wachoraji.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mke wa mchungaji alimweleza Mama Plumley, kwa huruma kubwa na kwa sauti ya kusikika mpaka nje, kwamba wanawake wanaokaa mbele ya wachoraji wanakaa uchi. Tangu siku hiyo Jumapili Keziah hakuwekewa kiti mezani. Alikuja, alipewa bakuli lake, akala dukani amesimama, kama mteja.

"Mama, ni mikono tu," nilimsikia akisema, maana nilikwenda naye mara nyingi. "Nimevaa mpaka shingoni."

"Mikono tu! Mimi nauza nyama, mwanangu. Sijaona mtu ananunua kipande bila kumkagua ng'ombe mzima."

"Basi uje uone."

"Nione nini? Bibi Fulani amevaa mikono yako? Nionyeshe picha moja, moja tu, yenye uso wako na jina lako na nguo mwilini. Siku hiyo nakuwekea kiti."

Wenzangu, mnaweza kucheka. Kiti cha mbao kilicholegea mguu, nyumbani kwa muuza utumbo. Lakini mimi nilimwona Keziah akila amesimama Jumapili miaka saba, na sijawahi kuona mtu anatamani kitu namna ile.

Basi alimwomba Bwana Augustus Thripp, mchoraji aliyemtumia kuliko wengine. Bwana Thripp alikuwa mtu wa koti la mahameli na ndevu za kunukia, mwenye kulia machozi mbele ya picha zake mwenyewe kisha anapanguza jicho kwa kitambaa cha brashi, kwa hiyo mara nyingi alikuwa na shavu la kijani. Hakuwa mkatili. Alikubali papo hapo. "Mwakani, Keziah. Mwakani nakuchora wewe kama wewe." Mwakani ikaja ikapita, na nyingine, mpaka zikafika saba.

Mwaka wa saba akaja Ledi Ormsdale.

Nilikuwepo, kwa sababu miguu ya Ledi Ormsdale ni mimi. Mama huyo alikuwa mtu wa farasi na mbwa, mrefu, ana sauti ya kuitia mtu upande wa pili wa shamba, na hakuvaa glavu isipokuwa kanisani. Mikono yake ilikuwa myekundu, mipana, yenye sugu za hatamu, na juu ya kidole gumba cha kushoto palikuwa na kovu la nusu mwezi. Bwana Thripp, kwa kupitiwa, akaichora kama alivyoiona, kwa makaa juu ya karatasi. Lodi Ormsdale alipopita kukagua akaiona karatasi ile.

"Thripp, nimekuagiza unichoree mke au mtunza farasi?"

Ledi akacheka mpaka kiti kikalia. "Mpe mikono anayoitaka, Bwana Thripp. Hii yangu ina shughuli."

Karatasi ikatiwa kwenye droo. Keziah akaitwa. Akaja, akaketi kwenye kigoda, akaikunja mikono yake, akaichomeka kwapani.

"Yangu kwanza," akasema.

"Yako nini?"

"Picha yangu, bwana. Nguo yangu, uso wangu, jina langu chini. Iende kwenye maonyesho, na ikishuka ukutani nipewe mimi nikamwonyeshe mama. Tena uandike, na Dorcas ashuhudie."

"Keziah, zimebaki wiki tano! Mwakani, naapa..."

"Mwakani nitakuwa nimekwisha kata vidole nikavipika. Mama anajua jinsi ya kuvipika."

Bwana Thripp alitazama yale makwapa kama mtu anayetazama sanduku la benki. Akaandika. Nikatia sahihi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mkono wangu kutumika katika chumba kile.

Alimchora kwa asubuhi sita. Gauni la sufu la kahawia, lake mwenyewe, kola nyeupe, mikono imelala pajani mmoja juu ya mwingine. Hapakuwa na mbawa, wala taji, wala ua la yungiyungi, wala nguzo ya marumaru iliyovunjika. Maskini Bwana Thripp hakuwa na pa kujificha, ikambidi amtazame mtu. Sitaki kumsifu, amesifiwa vya kutosha na wasiojua, lakini picha ile ilikuwa nzuri hata nikanyamaza. Kidole cha mwisho kimepinda kama kilivyopinda. Chini, kwa herufi ndogo: Keziah Plumley.

Keziah aliitazama mpaka chai yake ikapoa. "Ni mimi," akasema. "Nipo mzima."

Kisha akavaa hariri ya buluu ya Ledi Ormsdale, akaitoa mikono aliyokuwa ameizuia, na picha ya pili nayo ikakamilika.

Ipo Jumapili moja kila mwaka, kabla tu ya picha kupelekwa kwenye maonyesho, ambapo wachoraji hufungua milango, na magari ya farasi huziba Chelsea yote. Watu huja kuona picha kabla ya wengine ili baadaye waseme waliziona kabla ya wengine. Bwana Thripp alikuwa na mtumishi mmoja tu, tena kiziwi, kwa hiyo siku hiyo modeli, yaani sisi tunaochorwa, tulivishwa aproni na kofia tukagawa chai. Keziah alipewa na glavu nyeupe za pamba.

"Za nini?" akauliza.

"Za heshima," akasema Bwana Thripp. Za woga. Alihofia mtu apokee kikombe, atazame mkono, kisha atazame ukuta.

Walikuja wengi, lakini aliyengojwa alikuwa mmoja: Bwana Septimus Crale, mkosoaji wa gazeti. Akiandika vizuri mchoraji anajenga nyumba, akiandika vibaya anafundisha watoto wa watu kuchora mapera. Alikuwa mfupi, ana kioo cha jicho moja, na husimama karibu na picha utadhani anainusa. Akasimama mbele ya picha ya Ledi Ormsdale.

"Mikono hii," akasema. "Karne nne za malezi. Na kidole hiki cha mwisho kilivyojikunja! Hicho hakifundishwi, Thripp. Hicho watu huzaliwa nacho, katika nyumba zenye minara."

Keziah alikuwa nyuma yake na sinia. Akampa kikombe. Bwana Crale akakipokea bila kugeuka, akasogea kwenye picha ya pili.

"Nani huyu?"

"Modeli tu," akasema Bwana Thripp. "Zoezi dogo la..."

"Uso ni kweli. Naam, uso ni kweli kabisa. Lakini Thripp, ndugu yangu, mikono! Mwanamke wa hali hii mikono hii ameipata wapi? Umemwazimia ya bibi. Huu ni uongo, na nitalazimika kuandika kwamba ni uongo."

Nilimtazama Bwana Thripp. Neno moja tu lilihitajika. Alifungua mdomo, akatazama kwa Lodi Ormsdale aliyekuwa dirishani akila keki, akaufunga. "Pengine," akasema, "nilipendezesha kidogo."

Keziah akaweka sinia chini. Nilijua anachotaka kufanya, nikamkonyeza, akaniona na hakujali. Akavua glavu, kidole kimoja kimoja, akaunyosha mkono chini ya pua ya Bwana Crale.

"Ni yangu, bwana. Aliyekaa pale ni mimi."

Basi nikasema kimoyomoyo, kwisha habari ya Thripp, kwisha kazi zetu sote. Mtu mwenye macho angekuwa ameshaelewa mambo yote mawili kwa mpigo. Bwana Crale akarekebisha kioo chake. Akaushika mkono ule, akaugeuza kwenye mwanga, akainama.

"Ahaa!" akapaza sauti. "Thripp, njoo! Ukweli ulikuwa chumbani mwako nawe ukaukimbia! Tazama mkono huu. Kiganja cha kazi. Ngozi nene. Na kidole hiki kilivyopinda, maskini, kwa kufua. Hii ndiyo mikono ya mwanamke huyu! Chora hii, bwana, nami nitakusifu."

Nilitazama mkono. Nikatazama turubai, hatua tatu tu kutoka pale. Vilikuwa kitu kimoja mpaka kwenye kucha. Watu wakasogea mmoja mmoja kuutazama mkono wa Keziah, na wote wakaona sugu. Bibi mmoja alisema anamwonea huruma. Bwana Crale akaomba sukari zaidi.

Ni Ledi Ormsdale peke yake aliyetazama kwa zamu: picha yake, mkono wa Keziah, halafu mikono yake mwenyewe, ambayo siku hiyo mumewe alikuwa ameilazimisha kuingia kwenye glavu. Akakohoa.

"Jina lako nani?"

"Keziah Plumley, Ledi."

"Limeandikwa pale chini."

"Ndiyo, Ledi."

"Una bahati," akasema, akaenda kumtoa mumewe kwenye keki.

Mkokoteni wa kuchukua picha ulikuwa uje asubuhi ya pili yake. Magari ya wageni hayajaisha barabarani, Bwana Thripp ameshashika kisu anakwangua rangi.

"Usifanye hivyo, bwana," Keziah akamwambia. "Tuliandikiana."

"Tuliandikiana uso, nguo na jina. Mikono haikutajwa." Na kweli haikutajwa. Nani angefikiria kuitaja? "Keziah, Crale akiandika kwamba ni uongo tumekwisha sote. Ninayo mikono hapa, mizuri sana, ya kweli kabisa." Akafungua droo, akatoa ile karatasi ya makaa.

"Ile si yangu."

"Ni mikono inayokufaa," akasema Bwana Thripp, naye machozi yakimtoka, kwa maana alikuwa ameanza kuipenda.

Mwezi wa Mei picha zote mbili zilitundikwa kwenye maonyesho, chumba kimoja. Bwana Crale aliandika kwamba katika mikono ya Keziah Plumley mtu anasoma historia nzima ya jasho la wanyonge, na watu wakasimama foleni kuisoma. Keziah alimleta mama yake. Mama Plumley alivaa kofia aliyovaa kwenye mazishi ya mumewe, akapita katikati ya makoti marefu kwa viwiko, akafika mbele. Akasoma jina polepole, herufi moja moja. Akatazama uso, na nikaona mdomo wake unaanza kulegea. Kisha macho yakashuka.

"Mikono ya nani hiyo?"

"Mama, subiri nikueleze..."

"Kidole kimenyooka. Na hilo kovu umelipata wapi?" Alikuwa akisema kwa sauti ya dukani na watu waligeuka. "Huyu si wewe. Wamekupachika kwa mtu kama walivyozoea. Hata picha moja, Keziah! Hata moja hawakuweza kukuweka mzima." Akageuka akaenda zake, na Jumapili ile bakuli likatolewa dukani kama kawaida.

Keziah alibaki pale amesimama. Mara nyuma yetu likapasuka cheko ambalo lingeita mbwa wote wa Surrey. Ledi Ormsdale alikuwa ananyooshea kidole picha ya Keziah.

"Ponto! Hilo ni jino la mbwa wangu Ponto! Kovu langu lile!" Walinzi wakakunja nyuso. Halafu akamwona Keziah, na uso wake mwekundu ukazidi kuwa mwekundu. Nadhani aliona haya, jambo ambalo watu wa nyumba zile hawana mazoea nalo. Akaondoka haraka.

Maonyesho yalifungwa Agosti, na Bwana Thripp, nimpe haki yake, aliituma picha kama alivyoandika. Keziah aliilaza juu ya kitanda chake. Akachukua mkasi aliouazima dukani kwa mama yake, ule wa kukatia utumbo, akaikata turubai katikati, chini kidogo ya kifungo cha tatu. Mimi nilipiga ukelele. Yeye hata hakupepesa. Kipande chenye mikono akakizungushia karatasi, akaandika juu yake: "Ledi Ormsdale. Hii ni yako," akakipeleka posta.

Wiki mbili hapakuwa na jibu. Nikamwambia, shoga, hao watu wana majumba, kipande cha turubai wataweka chini ya bakuli la mbwa. Wiki ya tatu akaja mtunza farasi na bahasha ndefu inayonuka zizi. Ndani mlikuwa na kipande cha turubai kilichokatwa vibaya vibaya, kwa mkasi wa kunyolea manyoya ya mbwa bila shaka, na juu yake hariri ya buluu, na juu ya hariri mikono miwili ya Keziah. Karatasi ilisema: "Na hii yako. Mume wangu bado hajaona. Nimesogeza mbele ya picha kiti chenye mgongo mrefu."

Jumapili tulikwenda Lambeth. Keziah alisukuma kando mabakuli ya utumbo, akatandaza vipande viwili juu ya meza ya duka: juu uso na sufu ya kahawia, chini mikono na hariri ya buluu, na kati yao mstari usiokutana vizuri. Mama Plumley akajifuta mikono, akavaa miwani.

"Mbona nguo mbili?"

"Ni habari ndefu, mama."

Mama Plumley aliinama. Hakutazama uso sana, uso alikuwa ameshauona. Akaweka kidole gumba chake juu ya kile kidole cha mwisho, pale kilipopinda, akakisugua taratibu kwenda mbele kana kwamba anakivuta. Kisha akaushika mkono wa binti yake akaulaza kando ya turubai.

"Kilinikatalia miaka kumi," akasema. "Mafuta yote yale."

"Ndiyo, mama."

"Naye amekichora kimepinda."

"Amekichora kimepinda."

Mama Plumley alivua miwani akaifuta kwa aproni, ambayo ilikuwa na mafuta, kwa hiyo ikazidi kuwa chafu. Akaingia jikoni. Keziah alibaki amesimama pale mezani, kama alivyozoea. Halafu tukasikia kiti kinaburutwa, kile chenye mguu uliolegea, kutoka ukutani mpaka meza ya jikoni.